Redio ya upepo au kundi la WhatsApp: adabu za madereva Kitonga

Kwa dereva wa lori anayeteremka mlima wa Kitonga, Iringa, redio ya upepo na kundi la WhatsApp vina kazi moja: kujua mbele kuna nini. Adabu zake ndizo hazifanani.

Redio ya bendi ya megahezi 27 haibebi sauti mbili kwa mpigo. Ukibonyeza kitufe, wewe husikii. Mwenzako naye akibonyeza wakati huohuo mnakatana, watu wanaambulia mkoromo. Ndiyo maana mtu husikiliza kwanza, huomba njia, husema kwa kifupi, kisha huachia. "Lori limelala kona ya pili, upande wa kuteremka, ova." Basi. Marekani bendi hii ina chaneli 40. Ya 9 imeachiwa dharura, na madereva wa malori wamezoea kukutana ya 19. Anayepiga soga kwenye 9 huonekana hana adabu. Nguvu ya redio hii, wati 4, haifiki mbali, na mlima ukikaa katikati ndiyo kabisa, lakini anayekusikia yuko jirani.

Kundi la WhatsApp linafika Tunduma hadi Dar. Salamu hazina kikomo, kamwene kwa kamwene (salamu ya Kihehe), na mimi sizichukii. Tabu ni sauti ya dakika tatu yenye habari ya sekunde tano, au video ya ajali ya mwaka juzi inayotumwa kama ya leo. Tena mtandao ukikata, onyo linaingia umeshapita kona.

Kuteremka, nachagua redio. Habari za foleni ya mpakani, kundi linatosha. Ila kabla ya kufunga redio kwenye lori, ulizia kibali TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.