Misonobari ya milimani: kupanda miche au kuuacha msitu uote wenyewe?

Kupanda miche huleta ajira mapema: kujaza udongo kwenye viriba, kumwagilia kitalu, kuchimba mashimo. Tatizo ni kwamba msimu wa upandaji ukiisha, kipato nacho kinakatika. Halafu miche iliyotokana na mbegu za ukanda wa chini mara nyingi haihimili baridi ya juu.

Kuota kwa asili ni nafuu zaidi. Mbegu ya msonobari ina bawa jembamba linalopeperushwa na upepo. Ikitua kwenye udongo ulio wazi na wenye mwanga, huota. Ikinaswa kwenye nyasi nene, mara nyingi hufa. Kwa hiyo watu bado wanahitajika, wa kufyeka, kulinda dhidi ya moto na kuzuia mifugo hadi miche ipite kimo cha mdomo wa mbuzi. Kumfukuza mfugaji hakusaidii. Asipopewa majani ya kukata au zamu ya malisho, atarudi usiku, na simlaumu.

Palipobaki miti mama, yaani mikubwa inayodondosha mbegu, nachagua njia ya pili bila kusita. Palipo kipara kabisa, tupande. Ila kwanza wenyeji wapewe kwa maandishi haki ya kugema utomvu, unaotoa tapentaini (kimiminika cha kuyeyushia rangi), na kuchuma uyoga.