Fundi wa kabureta Ngamiani: Land Cruiser yangu imepunguza ulevi

FJ40 yangu ya 1978, silinda sita, lita 4.2, ilikuwa ikinywa petroli kama mlevi wa mnazi: lita moja, kilomita nne, plagi nyeusi tii. Fundi wa kwanza alitaka nifunge injini ya dizeli. Huyu wa Ngamiani, hapa Tanga, alifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akanionyesha floti, boya la kuzuia petroli isizidi, imetoboka, petroli inafurika tu. Akaibadili, akasafisha jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, akaseti muda wa cheche za plagi. Saa tatu nzima, bahati muuza kahawa na kashata alikuwa jirani. Jumapili nimekwenda Pangani na kurudi: kilomita sita kwa lita. Gari lenye umbo la kabati, nidai nini zaidi? Bei yake nafuu, ila nenda na plagi zako. Za kwake sikuziamini.