Kisanduku cha kuhifadhia ridi za saksafoni: kwa joto la Tanga, ununue kipi?

Habari zenu, wapenzi watazamaji, karibuni. Leo tuko hapa Tanga, na mezani nimepanga vifaa vitatu vya kuhifadhia ridi, ule mwanzi mwembamba unaofungwa kwenye mdomo wa saksafoni au klarineti. Cha kwanza ni kisanduku cha plastiki cha ridi 8, kinachofunga kwa kubana, na ndani kina pakiti ya unyevu. Cha pili ni kipochi chenye bapa la kioo. Cha tatu ni hivi vikasha vyembamba ambavyo ridi huja navyo kutoka dukani.

Nianze na hiki cha bei kubwa, maana ndicho kinachosifiwa zaidi mtandaoni. Nawaomba mwangalie wanaokisifu wanaishi wapi. Wengi wako Ulaya na Marekani. Kule baridi ikiingia, nyumba zinapashwa joto, hewa ya ndani inakauka, na ridi inakauka nayo hadi ncha inajikunja. Pakiti hii, ambayo kampuni kama D'Addario na Boveda huiuza, imetengenezwa kwa ajili ya shida hiyo. Hewa ya kisandukuni ikikauka, pakiti inatoa unyevu. Hewa ikizidi unyevu, pakiti inaufyonza. Nyingi zinalenga unyevu wa asilimia 70 na kidogo.

Sasa ifikirie hapa kwetu. Masika, Machi hadi Mei, hewa ya chumbani mara nyingi imeshaupita unyevu huo. Pakiti inageuka kuwa ya kufyonza tu. Kila ukifungua kisanduku, hewa nzito ya pwani inaingia tena, na pakiti inavimba ikichoka mapema. Kubwa kuliko hilo, mpiga saksafoni akitoka kwenye harusi usiku huchomoa ridi ikiwa imelowa mate, anaitia humo, anabana. Maji yale yana pa kwenda? Ridi imelowa, kuna joto, kuna mabaki ya mate na chakula, na hewa haipiti. Ukungu hautaki zaidi ya hapo.

Simaanishi kisanduku hiki ni kibaya. Kama unakwenda kufanya kazi Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, kichukue, kitakusaidia sana, kwa sababu ridi iliyozoea hewa ya Tanga ikifika kule inakauka ghafla. Lakini kwa kukaa nacho Ngamiani au Chumbageni mwaka mzima, mimi sikupendekezei.

Sogea karibu uitazame ridi yenyewe. Huu ni mwanzi uitwao Arundo donax, na ule unaosifika zaidi unatoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Vandoren, kampuni iliyoanzishwa Paris mwaka 1905, hutumia mwanzi wa huko. Upande huu wa chini ni bapa kabisa. Upande wa juu umekwanguliwa, unapungua unene hadi hapa nchani, ambapo kwa ridi ya klarineti unabaki unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha nyembamba hivi inakauka haraka kuliko kisigino, yaani ule mwisho mnene wa upande wa pili. Sehemu moja imeshasinyaa, nyingine bado imelowa, ndipo ncha inapojikunja kama ukingo wa chapati, na sauti inatoka na upepo mwingi.

Kwa hiyo ridi inahitaji mambo mawili kwa pamoja: ilale juu ya kitu bapa, na ikauke taratibu huku hewa inapita. Ndiyo maana nakipenda kipochi hiki cha kioo. Kioo hakipindi. Ridi inalala upande wake bapa, inashikwa na mpira, na pembeni kuna upenyo wa hewa. Kama fedha hazitoshi, mwendee fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwombe kipande cha kioo kilichobaki, akusagie kingo zisikukate. Funga ridi zako kwa mpira wa kufungia noti, usikaze, na mpira uukalie mwanzi upande wa kisigino, usiiguse ncha. Weka ndani ya kopo lenye matundu, mbali na jua na mbali na jiko. Kazi imekwisha.

Vikasha vya dukani vinafaa kwa safari. Baadhi vina mifereji inayopitisha hewa, chagua hivyo.

Lakini hata ukinunua kifaa cha bei gani, kisipotanguliwa na usafi ni bure. Kabla ya kupiga, lowesha ridi kwa maji safi kidogo, si lazima uitafune mdomoni. Ukimaliza, ivue. Usiiache kwenye mdomo wa saksafoni hadi kesho, tafadhali sana. Isuuze, kisha ipanguse kwa kitambaa laini kutoka kisigino kwenda nchani, kamwe usirudi nyuma, utaichana. Iache ipate hewa kidogo ndipo uihifadhi. Na uwe na ridi tatu au nne unazozizungusha, kila moja ipate siku ya kupumzika. Ridi mpya ipige dakika chache tu siku za mwanzo.

Mmoja wenu aliuliza kuhusu madoa. Madoa ya kahawia kwenye gome, haya hapa, ni ya mwanzi wenyewe, hayana neno. Lakini ukiona vitone vyeusi au manyoya ya kijani kwenye sehemu iliyokwanguliwa, au ukisikia harufu ya uvundo, itupe. Wapo wanaoloweka ridi kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kisha wanaisuuza vizuri. Hiyo ni sawa kwa kusafisha ridi nzima, si kwa kuiokoa iliyokwisha kuota ukungu. Kitu hiki unakitia mdomoni, ndugu yangu. Na kwa sababu hiyohiyo, vijana wa bendi za tarumbeta, msiazimane ridi, hata shughuli ikiwa imeshaanza.

Zipo pia ridi za plastiki, kama za Légère ya Kanada. Hizo hazihitaji kuloweshwa wala kioo, ingawa kuosha ni lazima. Bei ya moja inaweza kulingana na boksi zima la mwanzi, basi nitazipa video yake.

Wazee na vijana wa zumari mnaonitazama kutoka Pangani na Mkinga, andikeni hapo chini: ridi zenu mnazihifadhije masika?