Kutuma Konyagi Ujerumani kutoka Mtwara, yaliyonikuta

Kaka yangu yuko Hamburg mwaka wa nne huu, msimu wa mabibo ulivyoanza akapiga simu, amekumbuka nyumbani, anaomba nimtumie uraka, ile pombe ya kienyeji ya mabibo ya mkorosho, na Konyagi. Uraka nikamkatalia palepale, ule unaendelea kuchacha hata ukiufunga vipi, gesi inajaa ndani, chupa ikipasuka juu ya nguo za watu utawaambia nini? Ila Konyagi nikaona hii ya kiwandani, ina lebo, ina kizibo cha maana, itaenda.

Nikaenda kwa wakala mmoja wa vifurushi hapa mjini, nikamwambia dada wa kaunta wazi kabisa humu kuna pombe, akasema lete tu kaka, akazifunga vizuri kwenye plastiki za mapovu (hapo nampa haki yake), kwenye fomu akaandika zawadi, nikalipa laki mbili na ushee. Siku ya tano mzigo umekwama Dar, siku ya tisa napigiwa simu umerudishwa njoo uchukue, na hela hairudi. Jamani mimi niliuliza kabla! Hicho ndo kinaniuma mpaka leo.

Ndo nikaanza kuulizia kwa watu wanaojua. Kumbe kampuni kubwa za vifurushi kama FedEx na UPS pombe ya mtu binafsi hawapokei, wanataka mfanyabiashara mwenye leseni aliyeingia nao mkataba. Na hata ukibahatika ikafika, mpokeaji anaweza kudaiwa ushuru unaozidi bei ya chupa yenyewe.

Kilichonisaidia ni rafiki yake kaka aliyekuja likizo. Kwenye begi la kukabidhi uwanjani kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 kinaruhusiwa hadi lita 5, Konyagi ni asilimia 35 so haina shida, ila kuingia Ulaya bila ushuru kwa pombe kali mwisho lita 1 kwa mtu mzima. Bas nikampa chupa ya 750 na ndogo ya 250, lita moja kamili, nikazizungushia kitenge, na korosho kilo mbili juu. Zimefika salama, kaka kanipigia video anazionyesha.

Kwa wakala narudi Jumatatu na risiti yangu.