King'amuzi cha antena, dishi au kebo: kipi kitangulie?

Anayekwenda dukani kununua king'amuzi hudhani ananunua kifaa, kumbe anajifunga kulipa ada ya kila mwezi. Biashara ya televisheni ya kulipia ilianza hivyo hivyo huko Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, pale wakazi wa mabondeni, waliozibiwa mawimbi na milima, walipovutiwa waya kutoka antena iliyosimikwa juu mlimani na kutozwa ada kila mwezi. Hata leo muuzaji hukubali kushusha bei ya kifaa kwa sababu faida yake imo kwenye vifurushi, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kufungua pochi.

Kwa familia nyingi za mijini Tanzania, naweka mbele king'amuzi cha antena. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hiki ndicho kifaa cha kutazamia chaneli za bure kama TBC1 na ITV hata kifurushi kikiisha, na kwa nyumba yenye watoto wa shule jambo hilo si dogo.

Dishi linafuata, ila kwa mpenzi wa mpira huwa la kwanza. Hapo anayeamua ni mwenye haki za matangazo: Simba na Yanga utawaona Azam, iliyosaini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu mwaka 2021, ilhali Ligi Kuu ya Uingereza iko DStv. Dishi hufika hata kijijini kusiko na mnara, lakini mvua kubwa hukata picha. Picha ikikwama hata jua likiwaka, fungua kwanza kiungio cha waya kwenye kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Kwa sisi wa pwani, mara nyingi utakuta kimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, na kukibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kebo ya mtaani naiweka ya tatu. Haihitaji dishi, lakini vikuza mawimbi vilivyo njiani hutumia umeme, hivyo ukikatika huko, nawe unakosa picha hata kama kwako taa zinawaka. Kabla ya kulipia, katazame televisheni ya jirani aliye mwisho wa waya, si ya aliye karibu na kituo.