Kununua Mboga Marikiti: Uzoefu Wangu

Kwa muda sasa nimekuwa nikinunua chakula cha nyumbani katika Soko la Wakulima, ambalo wakazi wa Nairobi hulijua zaidi kwa jina la Marikiti, kando ya Barabara ya Haile Selassie. Hili ni soko la jumla: malori hushusha mazao usiku, na wenye vibanda vya mitaani hufika alfajiri kuchukua mali. Anayenunulia jikoni kwake huuziwa pia, ila asitarajie kubembelezwa.

Bei ya Marikiti haina maana mpaka ujue inahusu fungu, gorogoro, debe, kreti au gunia. Gorogoro, kopo la takriban kilo mbili, ndilo hupimia maharagwe, ndengu na njahi, yale maharagwe meusi. Mimi hutazama kwanza kama kitako chake kimebonyezwa ndani, kisha kama muuzaji analijaza hadi kilele au analisawazisha kwa kiganja, maana hapo ndipo mnunuzi hupoteza au kupata zaidi kuliko katika punguzo lolote atakaloomba. Nyanya, ambazo aghalabu hutoka Kirinyaga au Loitokitok, nazo huhitaji jicho: zilizopangwa juu ya kreti ndizo za kuvutia, kwa hiyo huomba nionyeshwe za katikati kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye mali safi hakasiriki, na anayenuna humwachia kreti yake.

Kwa anayeishi peke yake, nauli na msongamano humaliza nafuu yote. Familia kubwa, au majirani wawili walio tayari kugawana debe la viazi, watafaidika. Beba kiondo au mfuko imara, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, na wakati wa mvua vaa gambuti.

Mboga za majani za kienyeji kama managu, terere na kunde nikizifikia mapema huwa bado mbichi kabisa, tena kwa bei ambayo mama mboga wa mtaani kwetu hawezi kuifikia, kwa kuwa naye huzitoa sokoni na kulipia usafiri. Hata hivyo, dania na sukuma wiki bado hununua kwake. Yeye hunikatia sukuma bila kunidai chochote cha ziada, na mwisho wa mwezi ukichelewa, hunikopesha.