Nililipia mpira mpya wa pampu, nikarudishiwa uleule wa zamani

Nina hasira na nimeshindwa kulala nayo, bora niiandike.

Nina boti ndogo ya faiba. Si ya dagaa wala ya abiria. Ni ya kutembea na wanangu Jumapili: tuogelee, tuchome migebuka ufukweni, jua likianza kushuka turudi zetu Mwanga, hapa Kigoma. Niliinunua kwa hela ya kikoba, mizunguko kadhaa nikijinyima, na mashine ya nguvu za farasi 15 nikaichukua kwa mtu, imetumika lakini haijachoka. Sifa za mashine yenyewe sitazieleza, ziko boti ngapi pale Kibirizi, ufukweni kwetu, zimefungwa kama hiyo? Na haina kosa. Nasema mapema ili mtu asije akaitupia lawama mashine.

Hata kuichagua sikubahatisha. Mzee mmoja muunda boti aliniambia kabla sijatoa hata shilingi: "Mama, usianze na farasi, anza kupima ubao wa nyuma." Tukapima kutoka pale mashine inapokalia hadi chini ya boti, ikaja kama sentimita 38, kwa hiyo mashine ya mguu mfupi, mguu ndiyo ile sehemu inayoshuka majini na propela. Jirani yangu alichukua mguu mrefu kwa boti kama hiyohiyo kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Sasa mguu unaburuza maji bure, na akikaribia ufukwe propela inachimba mchanga. Mimi hapo nilipona. Niliumia kwa fundi.

Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi. Boti ilikaa bandani masika yote, na impela, yaani mpira wa pampu ya maji ya kupoza mashine, ukikaa miezi bila kuzunguka mabawa yake yanabaki yamejikunja upande mmoja na kukakamaa. Siku ukiwasha hausukumi maji inavyotakiwa. Nilikuwa nalijua hilo. Ndiyo maana niliipeleka mashine karakana nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe: nataka mpira mpya. Nikalipa Sh 85,000, mpira pamoja na ufundi, nikaandikiwa risiti yenye jina langu. Baada ya siku mbili nikaambiwa tayari.

Tulipoijaribu pale majini niliona kijito cha maji ya pampu kinachotoka nyuma ya mashine ni chembamba kama uzi. Nikamuuliza mwenye karakana. Akacheka. "Mama, mashine ya siku nyingi hukojoa kidogokidogo. Wewe nenda tu."

Nenda tu! Nilikuwa nimemlipa ili nisiambiwe nenda tu.

Wiki mbili tatu zikapita. Jumapili moja tukatoka Kibirizi kwenda kaskazini, njia ya Gombe: mimi, binti yangu, mdogo wake wa kiume, na mdogo wangu aliyekuja likizo kutoka Kasulu. Watu wanne, boti haikuzidiwa. Ziwa limetulia, watoto wanaimba. Mara sauti ya mashine ikabadilika, ikawa nzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Kisha harufu ya rangi inayoungua. Nikageuka kutazama kijito. Hakuna, hata tone. Kabla mkono haujafika kwenye kitufe cha kuzimia, mashine ikajizima yenyewe, na nilipovuta kamba ya kuwashia haikusogea hata kidogo. Imeshika.

Hatukuwa mbali na nchi kavu, nyumba za watu naziona. Nikatupa nanga. Kamba yangu ni mita 40, ikaisha yote na nanga inaning'inia majini. Ndiyo Tanganyika hii. Milima inavyoshuka huku juu ndivyo inavyoendelea kushuka chini ya maji, hadi mita 1,470 kule kunakozidi, na ukishaacha ufukwe kidogo tu nanga haina pa kushika. Halafu upepo wa kusi ukainuka. Ule haukurudishi Kigoma, unakusogeza mbele na kukutoa nje, upande wa Kongo. Kafi tulikuwa nayo moja. Mdogo wangu alipiga kafi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na zile nyumba zinazidi kuwa ndogo. Mwanangu wa kiume aliniuliza kama huko Kongo tuna ndugu. Binti yangu hakusema neno. Alikuwa amelikumbatia boya lake kwa mikono miwili, ananitazama mimi.

Yale macho ndiyo ninayomdai yule fundi.

Tuliokolewa na boti ya abiria iliyokuwa inatoka Kagunga. Nahodha alipunguza mwendo, akatutupia kamba, akatuvuta mpaka Kibirizi. Nilipompa hela akaikataa. Mungu amzidishie, yeye na abiria wake ambao walichelewa kwa ajili yetu na hakuna aliyenuna.

Jumatatu nikaenda karakana, risiti mkononi, mashine kwenye mkokoteni. Mwenye karakana hakuinuka hata kuitazama. "Mlipita kwenye mchanga nyinyi. Mimi nilikukabidhi mashine nzima." Nikamwambia sawa, basi ifunguliwe hapahapa, mbele yangu, tuone. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwambie baba watoto aje. Mambo ya mashine nazungumza na mwanaume mwenzangu."

Wateja wawili wakacheka. Nawakumbuka sura zao.

Baba watoto yuko kazini Mpanda. Ile kamba ya kuwashia hajawahi kuishika. Boti yangu, hela yangu, risiti ina jina langu, watoto waliokuwa wanapelekwa na upepo ni wa tumbo langu. Nilitetemeka. Nikavuta kindoo cha rangi kilichokuwa pale, nikakigeuza, nikakikalia. Nikasema sitoki mpaka mguu ufunguliwe. Akasonya, akaenda zake kunywa chai.

Alipotoka tu, kijana msaidizi, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye kona, akachukua spana. Boliti za mguu, fimbo ya gia, mguu ukashuka. Akafungua kifuniko cha pampu. Ule mpira! Mgumu kama kandambili iliyoachwa juani mwaka mzima, umechanika, na kati ya mabawa sita yamebaki matatu. Eti mpya! Kisahani cha chini yake kimechubuliwa na mchanga, mistari mitupu, na hiyo mistari haichongwi kwa Jumapili moja. Pampu ile haikuwahi kufunguliwa. Walichukua hela yangu, wakaipangusa mashine vumbi kwa tambara lenye petroli, wakaniita nije kuichukua.

Kijana aliushika mpira ule akautazama kwa muda. Kisha akasema, "Mama, matatu hayapo. Lakini mpira hauyeyuki. Yamo humu ndani."

Hapo nikajua nimekutana na fundi. Mwingine angeweka mpira mpya, akafunga, akachukua hela, na vile vipande vikiwa vimeziba njia ya maji mashine ingeungua tena wiki hiyohiyo. Yeye alivitafuta. Cha kwanza kilikuwa kwenye bomba linalopandisha maji. Cha pili kilikuwa juu ya hapo, akakitoa kwa waya. Cha tatu kilitutesa mpaka adhuhuri, akafungua hadi themostati, kile kilango cha maji kinachodhibiti joto la mashine, akakikuta kimejibana chini yake. Akavipanga vyote mezani karibu na mpira, kama mtu anayeunganisha kikombe kilichovunjika, mpaka mabawa yakatimia sita. Ndipo akatoa plagi, akamimina oili kidogo ndani ya silinda, akaiacha inywe, halafu akalizungusha gurudumu la juu kwa mkono polepole mpaka likaachia. Pistoni ilichubuka lakini ilipona. Gasketi ya kichwa ilikufa, nikanunua nyingine.

Tulipomaliza akaleta pipa la maji, akauzamisha mguu, ndipo akawasha. Nikamuuliza kwa nini bosi wake huwa anajaribu mashine pakavu, maana nimemwona kwa macho yangu. Hakujibu swali, na nilimwelewa. Alisema tu kwamba mpira ule unapozwa na maji yaleyale unayoyasukuma, ukizunguka mkavu unaungua kwa sekunde chache. Kijito kikatoka kinene. Akanishika mkono akauweka pale nisikie: maji ya vuguvugu, si ya moto. "Yakiwa ya moto, zima. Yakikatika, zima. Usimsikilize mtu."

Sasa karakana ile niisemeje? Nilipokaa kuandika nilitaka kusema msikanyage pale, basi. Lakini kwa haki, kazi niliyofanyiwa siku ile sijawahi kuiona kwa fundi mwingine. Kwa hiyo mkienda, mtafuteni kijana, simameni mbele yake mpaka amalize, na dai kifaa cha zamani kiwekwe mkononi mwako kabla hujatoa hela. Hilo fanya kwa fundi yeyote. Ningedai mpira wangu wa zamani siku ya kwanza, yasingetokea haya.

Hapana. Nimesoma tena nilichoandika nikayaona tena macho ya binti yangu. Msiende. Kijana yule hatakaa pale milele, na mwenye karakana ni yuleyule. Sh 85,000 yangu hajarudisha. Alinipunguzia elfu ishirini kwenye gasketi akaona amenifadhili, na nilipomwonyesha vile vipande vitatu alisema, "Si umeshatengenezewa?" Hata hela nimeacha. Ninachotaka aniite mbele ya wale wawili waliocheka, aseme amekosea. Mpira uko nyumbani kwangu kwenye mfuko wa plastiki, mabawa yote sita, na nitautunza mpaka siku hiyo.

Ziwani tumerudi. Sasa nabeba kafi mbili na mpira wa akiba. Mara ya kwanza binti yangu alikataa kupanda, sikumlazimisha. Mara ya pili alikubali, kwa sharti akae nyuma kabisa, karibu na mashine. Milima haiangalii, wala wenzake hawaimbii. Anaangalia kijito. Kila baada ya muda ananipigia kelele juu ya mlio wa mashine:

"Mama, bado inakojoa!"

"Haya mwanangu," namjibu, "endelea kuangalia."